Albamu Iliyokula Sauti ya Modest

Watu wa Nachingwea wakikuambia Modest ni mwendawazimu, usibishane nao. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, nimembeba mgongoni kule Chiola, nimemfuta makamasi, na nasema hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mimi nina haki ya kusema, wao hawana. Mteja akija kwenye banda langu hapa Ruangwa, akakaa kunywa chai yangu huku anamsema ndugu yangu, namwambia amalize kikombe anipishe benchi.

Kazi ya Modest ni kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, fremu za baiskeli zilizokatika. Kibanda chake kiko Nachingwea mjini, na ukitaka kujua kama yupo unasikiliza tu grenda. Muziki ulimwingilia kanisani. Alipiga gitaa kwenye kwaya ya parokia, na mama yetu, Mama Dionisia, akawa anakaa benchi la mbele makusudi ili watu wajue yule ni mwanawe. Tukasema basi, huyu atakuwa mwalimu wa kwaya, ataoa, tutapumzika. Halafu akaja dereva wa lori la machimbo kuchomelewa bampa, akamwachia flashi imejaa muziki wa roki. Ndiyo ikawa mwisho wa kwaya. Modest aliniambia, "Albina, lile gitaa linavyokwaruza, ni kibanda changu kabisa! Ni chuma kinakatwa!" Nikamwambia chuma kinakatwa kwa sababu mtu ameagiza geti, si kwa sababu anataka kucheza.

Hakusikia. Akachonga gitaa lake mwenyewe kwa mbao ya mninga, akaliunganisha na sabufa, akawapata wenzake wawili, Mikidadi wa ngoma na Yasini wa besi. Bendi wakaiita Radi. Jamani, kwetu huku mvua ikinguruma watu wanafunika vioo, wewe unaita bendi yako Radi!

Lakini albamu ya kwanza ilipendwa, siwezi kukataa. Mikidadi alipiga ngoma za msimu, zile zinazochezwa watoto wanapotoka jandoni na unyagoni, gitaa likakwaruza juu yake, na Modest akapiga kelele kwa ile sauti yake nzito. Kulikuwa na wimbo mmoja, "Ufuta Umeuzwa", ambao hata wazee waliucheza, kofia mkononi. Mwaka ule hakukuwa na sherehe kuanzia Chiola mpaka Chunyu ambayo haikuupiga. Bodaboda zilikuwa nao, mashine za kusaga zilikuwa nao. Mimi mwenyewe niliuweka hapa kwenye banda, wateja wakawa wanagonga meza na vijiko.

Kisha sauti ikaanza kukauka. Tulidhani ni moshi wa kuchomelea, tukampa tangawizi, tukampa asali, tukampa kila kitu ambacho jirani alikitaja. Haikurudi. Nilikwenda naye mwenyewe kwenye hospitali kubwa, na daktari akatukalisha akatueleza taratibu bila kutuficha. Kuna uvimbe kwenye koo, pale pale sauti inapotokea. Ukitibiwa sasa, huenda sauti ikabaki. Ukichelewa, itabidi waondoe sehemu yote ile, na Modest atapumua kwa tundu la shingoni maisha yake yote, bila sauti.

Unajua ndugu yangu aliuliza nini? Aliuliza, "Daktari, nikisubiri mpaka ufuta uvunwe?"

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu, maana nilikuwa nimekwisha kuelewa. Alikuwa na nyimbo za albamu ya pili kichwani, zote zimekamilika, hazijarekodiwa hata moja.

Njia nzima ya kurudi nilimgombeza. Nikamwambia, "Tibiwa kwanza, rekodi baadaye!" Akanijibu kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, "Baadaye kwa sauti gani? Umemsikia daktari. Amesema huenda. Wewe ungepika sufuria nzima ya wali kwa huenda?" Nikamwambia asinichanganyie mambo yangu ya wali na ujinga wake. 

Mpaka leo nasema alikosea. Mtu asinipigie hadithi za moyo wa msanii. Sauti ni ya kumwita mwanao asigongwe na pikipiki, ni ya kumkatalia mteja anayekupunja. Haiwekwi rehani kwa nyimbo.

Mama alipopata habari alifunga safari kutoka Chiola. Studio ilikuwa hapa Ruangwa, chumba nyuma ya duka la simu, magodoro yamegongomewa ukutani, na kijana mwenye mitambo anaitwa Hemedy. Mama akatandika kanga yake mlangoni akaketi. "Atakayeingia kuimba atapita juu yangu," akasema. Na nani angemruka mama mzazi? Mikidadi na Yasini wakabaki nje wamekumbatia vyombo vyao, wanaona aibu hata kusalimia.

Modest hakubishana naye. Alimshika mkono, akamwinua, akamwingiza ndani pamoja naye, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia Hemedy aanze na ule wimbo unaoitwa "Niite Tena". Nilikuwepo, nimesimama kando ya godoro, nimekunja uso. Wimbo unahusu mtoto aliyepanda juu ya mkorosho jioni, mama yake anamwita toka nyumbani. Kiitikio chake ni hiki: "Niite tena, mama, niite kwa jina langu lote." Sauti ilikuwa inapasuka. Kila akilifikia neno "mama" lilitoka nusu, nusu nyingine ikawa pumzi. Mikidadi alipiga ngoma huku machozi yanamtoka, na mama, masikini, akalia mpaka Hemedy akasimamisha mitambo akamwambia kwa adabu, "Bibi, samahani sana, makamasi yanaingia kwenye kinasa."

Ulipokwisha, mama akajifuta uso akasema, "Haya, umeimba, nimesikia. Sasa twende hospitali."

Modest akasema, "Bado nyingine, mama."

Umeme ukawa unakatika. Siku umeme ukiwepo, sauti haipo. Siku sauti ikiwepo, Yasini yuko shambani kwao anavuna. Niliwachukia wote. Niliwapelekea chakula kwa sababu siwezi kuona mtu ana njaa, lakini nilikuwa naweka sahani chini naondoka bila kusema karibuni. Ufuta ukavunwa, ukapigwa, ukaenda mnadani, ndipo Hemedy akasema kazi imekamilika.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa baa moja Nachingwea, watu wakafurika. Walikuja na viatu vya kuchezea. Walikuja kwa ajili ya "Ufuta Umeuzwa", nani asiyejua? Modest akapanda jukwaani amevaa shati ambalo mama alilipiga pasi, akaanza na mpya. Wimbo wa kwanza watu wakavumilia. Wa pili wakaanza kutazamana. Alipofika "Niite Tena" na sauti ikapasuka pale kwenye "mama", mtu mmoja toka nyuma akapaza sauti, "Fundi, umemeza msumari?"

Ukumbi wote ukacheka! Sikulaumu watu kucheka, kicheko ni kama kikohozi, kinaambukiza. Lakini Modest alikuwa bado anaimba. Aliimba mpaka mwisho huku wanadai ule wa ufuta, na ulipokwisha hakupata hata makofi ya huruma. Watu wakatoka wakaenda baa ya pili kulikokuwa na singeli. Redio moja ikaupiga "Niite Tena" mara moja tu, na mtangazaji akamalizia, "Wasikilizaji, mitambo yetu ni mizima, ndivyo anavyoimba." Basi. Hayo ndiyo mapokezi ya albamu ya pili ya Radi.

Tulipompeleka hospitali, ile "huenda" ya daktari ilikuwa imekwisha kuondoka. Wakaondoa kila kitu. Alirudi na tundu shingoni amelifunika kwa kitambaa cheupe, anapumua kwa hapo, anakohoa kwa hapo. Akitaka kunena anaandika kwenye simu ananionyesha. Siku ya kwanza aliyokaa hapa kwenye banda langu aliandika hivi: "Nataka nisikie watu wanauimba Niite Tena. Watu tu, wenyewe, bila kuombwa. Nisiposikia, nimetoa sauti yangu bure."

Nikasoma. Nikataka kumwambia ndiyo, umeitoa bure, tulikuambia. Nilimwongezea chapati.

Sasa sikiliza jinsi dunia ilivyo na roho mbaya. Kule Mkotokuyana kuna binti aliuimba akiwa anatwanga, wiki ile ile koo likavimba, sauti ikapotea. Yalikuwa mafindofindo! Alipewa dawa akapona, tena binti mwenyewe ana domo mpaka leo. Lakini habari ya kupona haikutembea, iliyotembea ni ya kuugua. Ikawa wimbo wa Modest ukiuimba unakukata koo kama mwenyewe alivyokatwa. Wazazi wakawakataza watoto. Wanakwaya wenzake wa zamani, watu wanaokomunika kila Jumapili, wakawa wanafanya ishara ya msalaba ukiutaja. Mke wa Mikidadi akazificha ngoma darini, na Mikidadi akaanza kupita njia ya nyuma ili asikutane na Modest. Yasini akahamia bendi ya harusi.

Na Twaha ndiye alikuwa wa kwanza kueneza mzaha. Twaha ni dereva wa bodaboda pale Nachingwea, na ukoo wao na wetu ni watani tangu kwa babu. Hakuna analosema mtani ukaruhusiwa kununa. Alikuwa akimwona Modest anapita anashika koo lake kwa mikono miwili, anatoa macho, anaita wenzake, "Kimbieni, mwenye wimbo huyo! Mimi nimeufuta, na simu yenyewe nimeifukizia udi!" Bodaboda wote wanakufa kwa kucheka. Modest anamwonyesha ngumi, ndio utani, anapita zake. Lakini mimi nilikuwa namwona usoni.

Alianza kutembea kusikiliza. Kazi anaiacha, anakwenda sokoni anasimama karibu na wanaouza nyimbo kwenye memori kadi. Anakwenda kwenye mashine za kusaga. Msimu wa korosho ulipofika akawa anakwenda minadani, Nachingwea, Ruangwa, mpaka Chunyu, anakaa kando ya magunia kama mtu anayengoja gari, kumbe anategesha sikio. Vijana wanaimba kila kitu, nyimbo za Dar, nyimbo za Naijeria ambazo hawaelewi hata neno. Wake hapana. Akirudi namwuliza, "Vipi?" Anatikisa kichwa. Akakonda. Kibanda kikaota majani mlangoni. Siku moja nilimkuta ameliweka lile gitaa la mninga kwenye jiko, na kama kuni zisingekuwa mbichi lingekuwa limekwisha kuwaka. Nikalitoa, nikampiga nalo mgongoni. Ndiyo, nilimpiga! Nikamwambia, ukitaka kufa, kufa, lakini usiniachie mama wa kumfariji.

Mama ndiye aliyetangulia. Presha. Alianguka shambani wakati wa palizi, majirani wakambeba na machela ya kamba, hakufika zahanati.

Msiba ulikuwa Chiola. Mimi nililia mpaka nikapoteza kanga. Modest hakuweza hata kulia. Watu hawajui kwamba kilio ni sauti. Yeye alikaa kwenye mkeka, mabega yanatikisika, na kwenye kitambaa cha shingoni ilikuwa inatoka pumzi tu, fyu, fyu. Mama mdogo Mwamina alimshika kichwa akakilaza mapajani kwake, mtu mzima vile, na hakuna aliyeona ajabu.

Asiyetoka kwetu akiona mazishi yetu atasema hatuna huruma, kwa hiyo wacha nieleze. Mtu akifa, watani wanakuja na wao, na kazi yao ni kuvuruga. Wanapika hovyo makusudi, wanamwiga marehemu, wanamwiga mfiwa, wanaziba njia ya kaburini wanadai walipwe. Mfiwa akitoa chochote, wanapisha. Asipotoa, hawapishi, wanaendelea na vituko vyao. Na hukasiriki. Ukikasirika umeharibu, ni kama umewafukuza ndugu.

Tulitoka na jeneza baada ya misa, katekista mbele, Modest nyuma yake amebeba msalaba wenye jina la mama. Alikuwa amekwisha kuweka noti kiganjani kwa ajili ya watani, niliiona. Tulipofika kwenye njia ya mikoroshoni, Twaha akaruka mbele yetu.

Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe shingoni. Tumboni amejining'inizia dumu la mafuta kwa kamba, ndilo gitaa. Akatanua miguu, akatoa macho, akaimba kwa sauti ya kupasuka, nusu neno nusu pumzi:

"Niite tena, maaa... niite kwa jina langu looo..."

Watu wakaangua kicheko. Damu ikanipanda. Mbele ya jeneza la mama! Nikatoka kwenye mstari nikamkamata shati. Mama mdogo Mwamina akanivuta kwa nyuma, "Albina! Mwache, ni mtani huyo." Twaha akanichekea usoni, akamgeukia Modest, akanyoosha mkono. "Mfiwa, toa changu nikupishe. La sivyo naimba."

Modest akamtazama. Akautazama ule mkono. Kisha akaifumbata noti, akaitia mfukoni.

Twaha akadhani anabanwa bei. "Ahaa, bahili wee!" Akaanza ubeti wa kwanza. Akauimba wote, na mzaha wake wote, anapiga dumu, anakatika kiuno. Akanyoosha mkono tena. Modest akatikisa kichwa. Basi wale watani wengine, wanawake wenye miiko ya kusongea ugali na vijana waliojipaka majivu, wakaingia kumsaidia kwenye kiitikio, maana ndiyo kazi yao, mfiwa akiwa mgumu wanamzidishia. Nao wakaimba! Hakuna aliyebabaika, hakuna aliyemtazama mwenzake mdomoni. Walikuwa wanaujua. Mtani haogopi laana ya msibani, yeye ndiye amepewa ruhusa, na waliokuwa nyuma yetu wakaona basi, leo ruhusa ipo. Nikasikia sauti ya mwanakwaya. Nikasikia bodaboda wa Nachingwea. Nikasikia Mikidadi, ambaye sikujua hata kama amekuja, anagonga ubao wa jeneza kwa vidole, taratibu, mapigo yale yale ya studio.

Nilisikia hasira ambayo sijawahi kuisikia. Kumbe mlikuwa nao! Muda wote ule anakonda, anazunguka minadani kama mbwa aliyempoteza bwana wake, mlikuwa nao kifuani mmefunga midomo!

Katekista akageuka, jasho linamtoka. "Modest, mpe chake. Jua linakwenda, mama anangoja."

Modest akatikisa kichwa. Waliobeba jeneza wakabadilishana mabega. Twaha sasa alikuwa amechoka kweli, mzaha umemwisha mdomoni, anaimba tu kama mtu anavyoimba. Alipomaliza akasema, "Ndugu yangu, nipe hata shilingi ya kutoboka, utanifanya na mimi nikatwe koo!" Watu wakacheka huku wanalia. Modest alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda na maneno, na kitambaa cha shingoni kinapanda na kushuka. Ndipo akaingiza mkono mfukoni akatoa vyote vilivyokuwemo, noti na funguo za kibanda na kipande cha waya, akamwekea Twaha mikononi. Njia ikafunguliwa. Tukamzika mama.

Baadaye watu walipokuwa wanakula, nilimfuata pale alipokaa, nyuma ya jiko. Nilikuwa na maneno ya kumpa. Nilitaka kumwambia, umefurahi sasa? Wameimba. Mama hakusikia, na wewe huna koo, lakini wameimba. Kabla sijafungua mdomo akanipa simu nisome.

"Twaha ameruka mstari. Wote wanauruka. Ule wa ubeti wa pili."

Nikamwuliza upi. Akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Nilikusikia, mama. Nilisikia kila ulivyoniita, nikanyamaza."

Nikarudia kuusoma. Akaichukua simu, akaongeza: "Bila huo mstari ni wimbo wa mtoto aliyepotea tu. Mimi siwezi kumfundisha. Mfundishe wewe."

Mimi! Mimi niliyeichukia ile albamu tangu iko kichwani mwake, nisiyewahi kuitia mdomoni hata kwa bahati mbaya. Nilimtazama Modest nikitaka kumpiga, na nikaona ananitazama hivi, mdomo wazi kidogo, kama zamani alipokuwa ananingoja nimmenyee muwa.

Nikaenda kwa Twaha. Alikuwa mkekani na wenzake wanakula ugali, kitambaa bado kiko shingoni. Nikamwambia anawe mikono, anisikilize, kuna mstari ameuruka. Akaanza, "Dada Albina, leo umekubali uta..." Nikamwambia anyamaze. Sina sauti ya kuimba, nina sauti ya kugombana na wateja, na mbele ya watu wote wale, na kaburi la mama bado bichi, nikaimba.